Bei ya Mama Muhuri

Mlango ulikuwa wazi kidogo tu, na maneno yaliyopenya hayakuwa na maana mbili: "Nafasi ya konseli ifutwe."

Hapo ndipo tulipomwacha Mama Muhuri wiki iliyopita, mkono hewani, hajabisha hodi, simu inamtetemeka mfukoni. Haya, msomaji, sogeza kiti, maana mkono ule haukukaa hewani.

Aliusukuma mlango akaingia.

Ndani walikuwa wawili. Mheshimiwa Balozi, mzee wa suti ya kijivu, alisimama dirishani akiitazama bendera iliyojiviringisha kwenye mlingoti kwa mvua. Mezani alikaa Mkaguzi, mtu mwembamba wa sauti ya chini, aliyetumwa na wizara kutoka nyumbani aje kuona ubalozi huu unakula nini na unazalisha nini.

"Nimesikia," alisema Mama Muhuri.

"Heri umesikia," alijibu Mkaguzi. "Sikupenda kukuvizia. Keti."

"Nitasimama."

Jina la Mama Muhuri alibandikwa na wananchi wenzake waliotapakaa katika mji ule wa ugenini. Ukipoteza pasipoti, ukitaka kuoa, ukizaa, ukifa, karatasi zako lazima zipite chini ya mkono wake. Wizarani anaitwa konseli, afisa wa kuwaangalia raia walioko nje. Kwa raia wenyewe ni Mama Muhuri, basi.

"Mimi si adui yako, mama," Mkaguzi aliendelea. "Lakini nyumbani kuna zahanati zisizo na muuguzi hata mmoja. Hapa tunalipia jengo, nyumba za maafisa, magari, bima, shule za watoto, tiketi za likizo. Na hapa ni mji mmoja tu. Tuna balozi kila pembe ya dunia. Wabunge wakiniuliza watu wote hawa wanafanya nini, niwajibu nini?"

"Waambie wanafanya kazi," alisema Balozi bila kugeuka.

"Kazi gani, Mheshimiwa? Mwambata wa jeshi, kwa mfano. Kwani tuna vita na nchi hii?"

"Hatuna. Kazi yake ni kuhakikisha hatuna."

Mkaguzi alitaka kucheka, akajizuia. "Siku hizi kuna simu, kuna mtandao. Waziri anaongea na waziri mwenzake uso kwa uso, kila mtu kwenye kiti chake."

Hapo Balozi akageuka.

"Ile barabara mnayopigia picha kila sikukuu unajua mkopo wake ulipatikanaje? Mama mzazi wa waziri wa fedha wa hapa alifariki. Nikaenda mazikoni. Sikualikwa, nilikwenda tu, nikasimama mstari wa nyuma na mvua yangu. Nilikuwa nimeomba kuonana naye mwaka mzima. Wiki ile ile akaniita ofisini kwake. Simu yako inaweza kwenda mazikoni?"

"Hilo halihusu nafasi ya konseli."

"Halihusu," alikubali Balozi, na sauti ikamshuka. Hapo Mama Muhuri akajua kwamba mzee amekwisha kumtoa kafara ili awaokoe wengine.

Simu ikatetemeka tena. Safari hii aliipokea.

Ilikuwa hospitali kuu ya mji. Sauti ya daktari wa kike ilikimbia kama inafukuzwa. Tuna mwananchi wenu hapa, binti, ana uchungu tangu jana. Mtoto amekaa vibaya. Lazima apasuliwe, hataki. Anang'oa mipira ya dripu, anataka kushuka kitandani akimbie. Hatuelewi lugha yake, naye haelewi yetu. Mapigo ya mtoto yanapungua.

"Nakuja," alisema Mama Muhuri. Kisha akamtazama Mkaguzi. "Nafasi yangu ipo mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposaini ripoti. Leo jioni, kabla ya ndege yangu."

"Basi bado nina kazi."

Alikuwa amefika kwenye ngazi aliposikia viatu nyuma yake. Mkaguzi, koti mkononi.

"Unakuja kufanya nini?"

"Kuona tunacholipia."

*

Dereva wa ubalozi alishika barabara ya mtoni, wakapita jengo refu la rangi ya saruji, na Mama Muhuri akageuza uso upande wa pili. Ghorofa ya tano, dirisha lenye pazia la bluu. Hapo ndipo alipokuwa akiishi.

Mle ndani alimjua jirani mmoja tu, na huyo alimjua kwa kikohozi chake kinachopita ukutani. Alikuwa akipika sufuria moja Jumamosi, akila humo wiki nzima. Jioni aliwasha redio ya nyumbani kwenye kompyuta, si kwa ajili ya habari, ila apate mtu wa kumjibu. "Muongo wewe!" alikuwa akimwambia mtangazaji. "Endelea, nakusikia."

Na Jumapili alimpigia bintiye.

Mtoto huyo aliachwa kwa dada yake Mama Muhuri, mwaka ule ule mumewe alipofariki na wizara ikampa kituo hiki. Aliachwa ana meno ya mbele mawili yaliyong'oka. Sasa ana miaka kumi na minne, sauti imemkomaa. Kila Jumapili maongezi yalikuwa yale yale. Shule? Nzuri. Umekula? Nimekula. Utarudi lini, mama? Na jibu nalo lile lile: mimi nimetumwa na serikali, mwanangu, sina amri. Muda wangu ukiisha nitarudi.

Gari likafunga breki. Wamefika.

*

Kelele zilisikika tangu kwenye lifti.

"Msiniguse! Msiniguse, nawaambia!"

Binti alikuwa amejibana kwenye kona kati ya kitanda na ukuta, miguu peku, gauni la hospitali limelowa jasho. Tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko yeye. Wauguzi wawili walimzunguka mikono mbele, kama wanaomkamata kuku. Daktari alisimama kando ameshika simu yake juu, ile yenye programu ya kutafsiri.

"Shika mdomo, mwanangu, utapasuka koo," alisema Mama Muhuri kwa lugha ya nyumbani.

Binti akanyamaza ghafla. Aligeuza kichwa polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye umati wa wageni.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni wa ubalozi. Wa kwenu."

"Muongo. Wamekuleta unidanganye."

"Nikudanganye nipate nini? Hebu keti kwanza. Umesimama hivyo tangu saa ngapi?"

"Siketi! Nikiketi wanamchukua!"

"Nani anamchukua nani?"

"Mtoto wangu!" Alinyoosha kidole kwenye simu ya daktari. "Hiyo simu imesema. Imesema kwa Kiswahili kabisa: tutakukata, tutamchukua mtoto. Imerudia. Na kule kiwandani tunakoshona mashati wameniambia, ukiwa kibali chako kimekwisha, serikali ya hapa inakunyang'anya mtoto. Nimesikia kwa masikio yangu!"

Mama Muhuri alimwomba daktari aibonyeze tena. Daktari akasema sentensi yake kwa lugha yake, na ile simu ikajibu kwa sauti tamu ya kike, haina wasiwasi wowote: "Tutakukata. Tutamchukua mtoto."

Mlangoni, Mkaguzi alivuta pumzi.

"Haya nisikilize," Mama Muhuri alipiga magoti sakafuni, sketi ya ofisini na yote, macho yao yakawa sawa. "Hiyo ni mashine, haijazaa. Daktari amesema watamtoa. Si kumchukua. Kumtoa. Amekaa vibaya huko ndani, amechoka, wewe umechoka. Watafungua kidogo, watamtoa, watakushona, watakupa umshike."

"Watanipa mimi?"

"Wewe. Nani mwingine?"

"Nani kasema?"

"Nimesema mimi. Na mimi hapa ndiye serikali yako."

Binti alimtazama kuanzia juu hadi chini. Katikati ya machozi kicheko kikamponyoka. "Serikali yenyewe viatu vimelowa."

"Mvua, mwanangu. Hata serikali inanyeshewa."

Uchungu ukamkamata hapo hapo, akamshika Mama Muhuri mkono akaubana mpaka pete ikazama kwenye nyama. Ulipopita, alikuwa amekwisha kukaa kitandani. Muuguzi akarudisha dripu taratibu, naye hakumzuia.

"Nikiamka utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Watu husema hivyo halafu wanaondoka."

"Mimi nitakuwepo."

"Mama, wewe una watoto?"

"Mmoja. Wa kike."

"Yuko hapa?"

"Nyumbani. Kwa dada yangu."

"Anakulilia?"

Uchungu mwingine ulikuja, na safari hii ulimwokoa Mama Muhuri kuliko ulivyomtesa mwenye nao. Kitanda kikafunguliwa breki, magurudumu yakalia, milango miwili ikafunguka na kujifunga. Yule binti akapotea ndani huku bado anageuza shingo kumtafuta.

*

Kwenye korido kulikuwa na benchi moja la chuma. Walikaa wawili, kila mtu kwenye ncha yake, kama wagonjwa wasiojuana.

"Kuna konseli mwingine jirani?" Mkaguzi aliuliza baadaye.

"Nchi ya pili kutoka hapa. Kwa ndege."

"Angefika kesho."

"Angefika kesho."

Mkaguzi alipangusa miwani. Akaivaa, akaivua tena. "Kuna jambo sikukuambia kule ofisini kwa sababu ya Balozi. Nisiposema sasa nitapanda nalo ndege."

"Sema."

"Mwezi uliopita alikuja binti wizarani. Sare za shule, begi mgongoni. Mlinzi akamfukuza, akarudi. Akamfukuza tena, akarudi. Mwisho wakamleta kwangu, maana pale nasifika kwamba sijui kufukuza watu. Akakaa kwenye kiti, miguu pamoja, akaniuliza: 'Mama yangu mnamlipa kiasi gani kukaa huko?'"

Mama Muhuri alihisi benchi likizama.

"Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia mambo ya mishahara hayasemwi hovyo. Akasema, 'Basi ukijumlisha vyote, nyumba na gari na tiketi, ni ghali?' Nikasema ndiyo, ni ghali sana. Akaniambia: 'Kama ni ghali si mumrudishe? Sisi huku tutamlisha bure.'"

Toroli la dawa lilipita mbele yao, likakunja kona. Mama Muhuri alisubiri mpaka magurudumu yasisikike tena.

"Alikutajia jina lake?"

"Hakuwa na haja. Ana paji lako la uso."

"Kwa hiyo umenifuta kwa sababu ya mtoto."

"Nimekufuta kwa sababu ya hesabu. Mtoto alinisaidia kupata usingizi tu." Akatoa kalamu, akaitazama kama kitu cha mtu mwingine. "Sasa leo umeniletea huyu mwingine mwenye kupiga kelele, na hesabu yangu imeharibika. Nikuache au nikurudishe? Niambie wewe mwenyewe. Nitaandika utakalosema."

Hebu fikiria, msomaji. Mtu ambaye miaka yote hii amekuwa akisema sina amri, amri imewekwa mapajani mwake, kwenye korido inayonuka dawa ya kusafishia sakafu.

Mama Muhuri alisimama akaenda hadi dirishani, akapiga simu nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Leo si Jumapili."

"Najua. Nimekukumbuka."

Shule zilikuwa zimefungwa. Kwa nyuma mtu alikuwa anafua, maji yanamwagwa.

"Nimeambiwa ulikwenda wizarani."

Maji yalimwagwa tena. Kisha mlango ukafungwa na sauti ya binti ikaja karibu zaidi. "Amekwambia yule mzee wa miwani?"

"Yuko hapa. Amekuja kikazi. Mwanangu, kwa nini hukuniambia unataka nirudi kiasi hicho?"

"Nimekuwa nikikuambia kila Jumapili."

Hilo lilimpata mahali pake. Alishika fremu ya dirisha.

"Halafu mama, yule mzee amekwambia yote? Amekwambia na lile alilonijibu?"

"Lipi?"

"Nilimwambia, mama yangu ametumwa, hawezi kukataa, ndiyo maana nimekuja kumwombea. Akashangaa. Akasema hakuna anayelazimishwa. Muda ukiisha mnaulizwa kama mnataka kurudi au kuongeza. Akafungua kompyuta yake akaangalia. Akasema wewe umeulizwa mara mbili. Mara zote mbili ukasema uongezewe."

Mama Muhuri aligeuka. Kule kwenye benchi Mkaguzi alikuwa ameinamisha kichwa, anasoma vidole vyake.

"Ni kweli, mama?"

Ilikuwa kweli. Mara ya kwanza ilikuwa baada ya likizo yake. Alishuka kwenye teksi na masanduku ya zawadi, mtoto akajificha nyuma ya gauni la mama yake mkubwa, anamchungulia. Alipomwita, mtoto akamtazama kwanza mama mkubwa usoni, kuuliza kama aende. Usiku akalala katika nyumba ile aliyofia mumewe, upande wake wa kitanda, akausikiliza ule upande mwingine mpaka kukapambazuka. Aliporudi kituoni wakamuuliza. Akasema aongezewe. Huku ugenini alikuwa peke yake na hakuna aliyeshangaa. Kule angekuwa peke yake na watu wamejaa nyumba.

Mara ya pili hata hakufikiri.

"Ni kweli," alisema.

Ile pumzi aliyoisikia upande wa pili ilikuwa ya mtu mzima.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu niliogopa kwamba..."

Milango miwili ikafunguka kwa kishindo. Muuguzi akatoka mbio, barakoa shingoni, amebeba kifurushi cha shuka nyeupe. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akamwona mtu pekee aliyekuja na mgonjwa. Kabla Mama Muhuri hajajua la kufanya, kifurushi kilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto. Mama mzima, muuguzi alisema, wanamshona, na sheria yao ni mtoto asikae bila mtu wake. Wewe si ndiye jamaa yake?

"Ndiye mimi," alijibu kwa lugha ya pale.

Mtoto alikuwa wa kike, mwekundu, ngumi zimekunjwa, amekasirikia dunia nzima. Akafungua kinywa akalia. Alilia kilio cha nguvu zote, kilichojaa korido, mpaka Mkaguzi akasimama wima bila kujua anasimamia nini.

Simu ilikuwa bado sikioni.

"Mama." Sauti ya binti ilikuwa imebadilika, nyembamba kama uzi. "Huyo mtoto ni wa nani?"

"Subiri, mwanangu, huyu ni..."

"Umesema ndiye wewe. Nimesikia lugha yao, najifunza kwenye simu kila siku ili nikija huko nisipotee. Amekuuliza wewe ndiye jamaa yake, ukasema ndiye mimi."

"Sikiliza nikueleze! Mimi niko hospitali, kazini, huyu binti..."

"Kumbe ndiyo maana," alisema mtoto wake, taratibu tu, bila kulia. "Kumbe ndiyo maana ukaongeza."

Simu ikakatika.

Alipiga tena. Ikaita mpaka mwisho. Akapiga tena huku kichanga kinampiga teke kifuani, na Mkaguzi amesogea mikono mbele, hajui apokee mtoto au apokee simu.

Mara ya tatu ikapokelewa. Alikuwa dada yake, anahema, mikono bado ina mapovu, maana simu ilimteleza ikagonga kitu kabla hajasema.

"Wewe! Umemwambia nini mtoto? Ametupa simu kitandani, amevaa viatu, ametoka. Nimemfuata hadi barabarani sikumpata. Pale mlangoni nilimuuliza unakwenda wapi na macho hayo, akaniambia anakwenda wizarani kuwaambia wakuache hukohuko."